Timu Iliyohamishwa: Jinsi Ihefu Ilivyoinuka na Ilivyotoweka



Mwezi wa Oktoba mwaka 2025, timu yetu ya Flambeau du Centre ya Gitega ilitolewa katika mashindano ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Iliyoitoa ni timu kutoka Tanzania iitwayo Singida Black Stars, ambayo kwa ushindi huo iliingia hatua ya makundi ya mashindano hayo kwa mara ya kwanza. Habari hiyo mliisikia wakati wake, na waliohuzunika walihuzunika. Lakini hapa Gishubi, baada ya redio kuzimwa, swali lililobaki midomoni mwa watu halikuwa juu ya mabao. Mzee mmoja, sajini mstaafu, ambaye hajapata kukosa matangazo ya kandanda tangu alipovua magwanda, aliuliza hivi: "Hawa Singida Black Stars ni watu gani? Mimi naifuata ligi ya Tanzania kwa miaka mingi. Simba nawajua, Yanga nawajua, hata Kagera Sugar nawajua. Hawa wametoka wapi?"

Swali la mzee wetu lilikuwa la haki kabisa. Jina la Singida Black Stars halikuwamo katika ligi yo yote kabla ya mwaka 2024. Timu yenyewe, hata hivyo, ilikuwamo. Ilikuwamo kwa jina jingine, katika mji mwingine, na mbele ya washabiki wengine. Iliitwa Ihefu, na habari zake ndizo tutakazozieleza katika mazungumzo haya, kwa kuwa ni habari zinazowahusu hasa ninyi ndugu zetu wa jeshi na polisi. Ninyi mnajua kuliko raia wengine wote maana ya neno uhamisho. Barua huja, mtu hufunga mizigo yake, na kabla ya juma kwisha huwa yuko kituo kingine. Lakini askari akihamishwa, namba yake ya jeshi huenda naye, na jina lake huenda naye. Tutaona kwamba kwa timu ya kandanda mambo hayawi hivyo.

Kwanza tujue mahali. Kusini-magharibi mwa Tanzania, katika mkoa wa Mbeya, iko wilaya ya Mbarali, na ndani ya wilaya hiyo umo mji mdogo uitwao Ubaruku. Ni nchi tambarare, sehemu ya bonde la Usangu, nchi ya mpunga. Katika miaka ya 1970 serikali ya Tanzania, kwa msaada wa China, ilianzisha huko shamba kubwa la mpunga la kumwagiliwa maji. Shamba hilo baadaye lilitoka mikononi mwa serikali na likaja kujulikana kwa jina la Highland Estates. Karibu na mashamba hayo liko eneo la ardhi oevu linaloitwa Ihefu, ambalo hutunza maji ya mto Ruaha Mkuu, na maji hayo ndiyo yanayokwenda kuzungusha mitambo ya umeme katika mabwawa ya Mtera na Kidatu. Kwa ajili ya kuyanusuru maji hayo, mnamo mwaka 2006 wafugaji wengi pamoja na mifugo yao waliondolewa katika bonde hilo. Kwa hiyo jina la Ihefu lilikwisha kuonja habari ya kuhamishwa kabla halijavalishwa jezi.

Timu iliyochukua jina hilo ilikuwa ya watu wa huko, na uwanja wake ulikuwa huo huo wa Highland Estates. Si uwanja wa fahari. Mtu aliyezoea kuuona uwanja wa Benjamin Mkapa wa Dar es Salaam, wenye kuchukua watu 60,000, angedhani kwamba amepotea njia. Lakini kutoka hapo Ihefu ilipanda ngazi moja baada ya nyingine. Ngazi za kandanda ya Tanzania si chache: ipo ligi ya wilaya, ipo ya mkoa, ipo ligi ya mabingwa wa mikoa, na baada ya hizo yako madaraja mengine mawili kabla ya kuufikia mlango wa Ligi Kuu. Timu ya mji mdogo hutumia miaka mingi katika safari hiyo, na nyingi huishia njiani kwa kukosa nauli, maana mchezo huo huchezwa katika nchi kubwa na mabasi hayaendi bure.

Mwaka 2020 Ihefu iliufikia mlango. Katika michezo ya mchujo iliishinda Mbao ya Mwanza ikachukua nafasi yake katika Ligi Kuu. Mchezo wake wa kwanza ulikuwa tarehe 6 Septemba 2020, dhidi ya Simba, waliokuwa mabingwa wa nchi. Ulichezwa katika uwanja wa Sokoine mjini Mbeya, na Simba walishinda kwa mabao 2 kwa 1. Hiyo haikuwa aibu kwa mgeni. Hata hivyo msimu ulikuwa mrefu, na mwisho wake ukawa mchungu: mwaka 2021 timu nne ziliteremshwa daraja, na Ihefu ilikuwa mojawapo. Nyingine zilikuwa Mwadui, Gwambina, na JKT Tanzania, ambayo ni timu ya jeshi la kujenga taifa la nchi hiyo. Tunaitaja JKT kwa makusudi, kwa kuwa tutairudia.

Wako waliodhani kwamba habari za Ihefu zimekwishia hapo. La hasha. Katika msimu wa 2021/22 ilicheza daraja la pili, linaloitwa huko Championship, ikalitwaa, na ikarudi Ligi Kuu katika mwaka wa 2022. Iliyopanda pamoja nayo ilikuwa timu ya Dar es Salaam iitwayo DTB, ambayo ilikuwa timu ya benki. Katika DTB alikuwamo Mrundi mwenzetu Amissi Tambwe, mfungaji hodari aliyepata kuongoza kwa mabao katika Ligi Kuu ya Tanzania akiwa na Simba katika msimu wa 2013/14, na tena akiwa na Yanga katika msimu wa 2015/16. Tunawaomba wasikilizaji wazishike timu hizi mbili katika akili, Ihefu na DTB. Zilipanda pamoja kama makuruta wawili wa intake moja, na hatimaye moja itakuja kukalia kiti cha nyingine.

Sasa tufike kwenye siku ambayo jina la Ihefu lilisikika nchi nzima, na hata huku kwetu. Ndugu zetu wa Muyinga, walioko karibu na mpaka wa Kobero, hupata matangazo ya Tanzania kwa urahisi, na wengi wao ni washabiki wa Yanga au wa Simba kama kwamba wamezaliwa Kariakoo. Hao hawataisahau tarehe 29 Novemba 2022. Siku hiyo Yanga walikuja Mbarali wakiwa hawajafungwa katika michezo 49 ya ligi, tangu mwezi wa Aprili mwaka 2021 walipofungwa na Azam. Walikuwa na wachezaji kutoka nchi nyingi za Afrika, na timu hiyo hiyo ndiyo iliyofika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika miezi michache baadaye. Walipata bao mapema, kwa mguu wa Yannick Bangala wa Kongo. Kila mtu aliyekuwa akisikiliza alifikiri kwamba hesabu sasa itakuwa 50.

Lakini Never Tigere, Mzimbabwe wa Ihefu, alisawazisha kwa mpira wa adhabu kabla ya mapumziko. Katika kipindi cha pili Lenny Kissu alifunga la pili. Yanga walihangaika, walibadilisha wachezaji, walishambulia hadi dakika ya mwisho, lakini hawakupata kitu. Uwanja mdogo wa kando ya mashamba ya mpunga ulikuwa umekata mnyororo ambao viwanja vyote vikubwa vya nchi vilishindwa kuukata kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu.

Mtu anaweza kusema kwamba ilikuwa bahati. Basi na tumwulize kwa nini tarehe 4 Oktoba 2023, Yanga waliporudi Mbarali wakiwa mabingwa wa nchi, walifungwa tena, na tena kwa mabao 2 kwa 1. Bahati haiji mara mbili kwa hesabu ile ile na mahali pale pale. Kilichokuwapo pale ni kile ambacho askari hukiita kuijua ardhi. Wachezaji walikijua kiwanja chao, walijua mpira utadunda vipi, na washabiki walikuwa karibu mno hata mchezaji wa pembeni aliweza kusikia jina lake likiitwa.

Miezi mitatu tu baada ya ushindi huo wa pili, Ihefu iliondoka.

Ili kuelewa ilikuwaje, hatuna budi kurudi kwa yule kuruta mwingine, DTB. Mara baada ya kupanda daraja mwaka 2022, timu hiyo iliacha jina la benki na kuacha pia Dar es Salaam. Ilihamia Singida, katikati ya Tanzania, nchi ya alizeti, ikajiita Singida Big Stars, na ikawa inacheza katika uwanja wa Liti. Watu wa Singida waliipokea kwa mikono miwili, na walikuwa na sababu. Timu yao ya awali, Singida United, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2017, ikafika fainali ya kombe la shirikisho la nchi hiyo mwaka 2018 na kufungwa na Mtibwa Sugar, kisha mwaka 2020 ikateremka daraja. Kwa hiyo mji ulikuwa na uwanja na washabiki, lakini haukuwa na timu.

Singida Big Stars ilifanya vizuri kuliko ilivyotazamiwa. Mwezi wa Januari 2023 ilifika fainali ya Kombe la Mapinduzi huko Zanzibar, ikafungwa na Mlandege mabao 2 kwa 1; na katika ligi ilimaliza nafasi ya nne, ikapata tiketi ya kuiwakilisha nchi. Kabla ya msimu wa 2023/24 kuanza, jina lilibadilika tena, ikawa Singida Fountain Gate. Katika Kombe la Shirikisho la Afrika iliitoa JKU ya Zanzibar, nayo ikatolewa na Future ya Misri. Baada ya hapo mambo yalianza kwenda mrama.

Mwezi wa Januari 2024, katikati ya msimu, Ihefu ilihamishwa kutoka Ubaruku ikapelekwa Singida, katika uwanja huo huo wa Liti. Wachezaji kadhaa wa Singida Fountain Gate, wakiwamo Elvis Rupia na Duke Abuya wa Kenya na Marouf Tchakei wa Togo, walivua jezi moja na kuvaa jezi ya Ihefu. Nayo Singida Fountain Gate, ambayo jina la Singida lilikuwa limo bado katika jezi yake, ilikwenda kuchezea michezo yake ya nyumbani katika uwanja wa CCM Kirumba mjini Mwanza, kando ya Ziwa Viktoria. Kwa hiyo, kwa miezi kadhaa, Tanzania ilikuwa na timu yenye jina la ardhi oevu ya Mbarali ikicheza Singida, na timu yenye jina la Singida ikicheza Mwanza. Mtangazaji wa redio aliyekosea siku hizo hastahili kulaumiwa.

Msimu wa 2024/25 ulipoanza, orodha ya timu 16 za Ligi Kuu ilitangazwa, na Ihefu haikuwamo. Mahali pake palikuwa na Singida Black Stars. Singida Fountain Gate nayo haikuwamo; palikuwa na Fountain Gate, iliyokuwa imehamia tena, safari hii Babati katika mkoa wa Manyara. Basi mzee wetu sajini hakuwa amesahau kitu. Majina ndiyo yaliyomkimbia.

Hapana budi tuseme jambo hili kwa haki pande zote mbili. Timu iliyohamishwa imefanikiwa. Hata kabla haijabadilisha jina, Ihefu ikiwa Singida ilitoka sare ya 1 kwa 1 na Simba mwezi wa Aprili 2024, na mwezi uliofuata ilifika nusu fainali ya kombe la shirikisho, ambamo Yanga waliifunga bao 1 kwa 0 huko Arusha, tena baada ya muda wa nyongeza. Ikiwa Singida Black Stars, ilimaliza msimu wa 2024/25 katika nafasi ya nne, ikafika fainali ya kombe hilo huko Zanzibar mwezi wa Juni 2025 na kufungwa na Yanga mabao 2 kwa 0. Mwezi wa Septemba 2025 ilitwaa Kombe la Kagame, linaloshindaniwa na klabu za Afrika Mashariki na Kati, kwa kuifunga Al Hilal ya Omdurman mabao 2 kwa 1. Mwezi uliofuata ikawa zamu ya Flambeau yetu. Hakuna anayeweza kusema kwamba watu wa Singida wamepewa timu ya kubahatisha. Mtoto wa Singida aliyezaliwa mwaka 2015 ameona mengi kuliko aliyoyaona baba yake.

Lakini mtoto wa Ubaruku wa umri huo huo naye ameona. Aliona timu ya mji wake ikiwafunga Yanga mara mbili, kisha akaona basi likiondoka. Toka Ubaruku hadi Singida ni safari ya siku nzima kwa barabara, na mkulima wa mpunga hawezi kuifanya kila juma kwa ajili ya dakika 90. Mbeya mjini zipo timu nyingine, ipo Tanzania Prisons na ipo Mbeya City, lakini hizo zina wenyewe. Wala si kwamba timu yake ilishindwa uwanjani. Timu ikiteremka daraja, washabiki wake hulia, huwalaumu makocha, na mwaka unaofuata hurudi uwanjani kwa matumaini, kama watu wa Ubaruku walivyofanya mwaka 2021. Safari hii hapakuwa na mchezo wa kurudia.

Sasa inawezekanaje jambo kama hili? Jibu ni kwamba katika kandanda ya leo kitu chenye thamani kubwa katika timu ndogo si wachezaji wake wala uwanja wake. Ni nafasi yake katika ligi. Mwaka 2021 kampuni ya Azam ilitia saini mkataba wa miaka kumi wa kurusha michezo ya Ligi Kuu ya Tanzania, wenye thamani ya shilingi za nchi hiyo bilioni 225.6. Pamoja na fedha hizo kuna wadhamini wengine, kuna viingilio vya michezo ya Simba na Yanga, na kuna mlango wa kwenda mashindano ya Afrika. Mwenye fedha anayetaka kuingia humo ana njia mbili. Aweza kuanzisha timu katika ligi ya wilaya na kupanda kwa miaka mingi, huku kila mwaka akiwa hana hakika. Ama aweza kumwendea aliyekwisha kupanda, aliyechoka kulipa mishahara na nauli, akainunua nafasi yake. Njia ya pili ni fupi sana. Mwaka 2009 timu ya Mbagala Market ya Dar es Salaam ilinunuliwa kwa namna hiyo ikageuzwa African Lyon. Hivyo wala Ihefu si ya kwanza.

Askari atauliza: je, sajini anaweza kuziuza tepe zake kwa kuruta? Hawezi, maana tepe ni ushahidi wa miaka aliyotumika, na aliyezivaa bila kuitumika miaka hiyo ni mwongo wa mavazi. Shirikisho la kandanda la dunia, FIFA, lina fikra inayofanana na hiyo. Kanuni zake zinasema kwamba haki ya timu kucheza katika ligi fulani hutokana kwanza na matokeo ya uwanjani, na zinakataza kubadilisha jina, makao au wamiliki wa klabu kwa lengo la kuipatia nafasi ambayo haikuipata kwa mchezo, pale inapoharibu uadilifu wa mashindano. Maneno hayo ni mazuri. Tatizo liko katika kipande cha mwisho, kwa kuwa mwanasheria mwerevu atasema kwamba timu ni ile ile, imehama tu, na hakuna mashindano yaliyoharibika. Sisi tunaona kwamba klabu ambayo imebadilisha jina, uwanja, washabiki na sehemu kubwa ya wachezaji wake katika miezi isiyozidi minane ni vigumu kuiita ile ile. Kilichobaki ni karatasi ya usajili.

Huko ng'ambo mambo haya ni ya zamani. Nchini Marekani ulikuwapo, tangu mwaka 1978, mchezo wa kandanda ya ukumbini, wa wachezaji sita kila upande, wenye ligi yake ya kulipwa. Timu moja ya ligi hiyo, Houston Summit, ilifika fainali mwaka 1980 ikafungwa. Mwaka huo huo wenyewe wakaihamishia mji wa Baltimore, mbali sana kutoka hapo, ikaitwa Baltimore Blast. Mwaka 1984 ikatwaa ubingwa, na mwaka 1992 ligi nzima ikafa, na timu ikafa nayo. Kwa Wamarekani hilo si jambo la kushangaza sana, kwa sababu kwao ligi haina kupanda wala kushuka daraja: timu ni kama duka lenye leseni, na duka huhamia kwenye wateja. Kandanda ya ukumbini ilihama kwa wepesi zaidi, maana haikuhitaji hata nyasi, ilihitaji ukumbi na taa.

Uingereza, ambako madaraja yapo kama kwetu, jambo hilo halikupokewa hivyo. Wimbledon, timu ya kusini mwa London, iliruhusiwa mwaka 2002 kuhamia mji wa Milton Keynes, ikaenda mwaka 2003, na mwaka 2004 ikabadilishwa jina. Washabiki waliobaki hawakungoja hata basi liondoke. Mwaka ule ule wa 2002 walianzisha timu yao wenyewe, AFC Wimbledon, wakaanza katika madaraja ya chini wakichagua wachezaji katika bustani ya wazi. Mwaka 2011 walikuwa wamekwisha kupanda hadi kwenye ligi ya kulipwa, na mwaka 2020 walirudi kucheza katika mtaa wao wa asili wa Plough Lane.

Tulisema tutarudi kwa timu za majeshi. Hizi nazo huhama, na mara nyingi. Ulinzi Stars ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1995 na kutwaa ubingwa wa nchi mara nne, mwaka 2003, 2004, 2005 na 2010, iliishi miaka mingi Nakuru kisha ikawa na makao Nairobi. Hakuna aliyelia kwamba imeporwa, kwa sababu popote iendapo ni timu ya wanajeshi wa nchi hiyo, na mwanajeshi wa Nakuru ni ndugu wa mwanajeshi wa Nairobi. Kwetu Burundi ipo Rukinzo, timu ya polisi. Ikicheza Bujumbura au ikicheza Muyinga, polisi aliyeko uwanjani anajua ni yake. Hata zinapoteremka daraja, kama Polisi Tanzania na Ruvu Shooting zilivyoteremka kwa pamoja mwaka 2023, hubaki na wenyewe wa kuzisubiri. JKT Tanzania, iliyoteremka pamoja na Ihefu mwaka 2021, ilirudi Ligi Kuu mwaka 2023 ikiwa bado ni JKT Tanzania. Mizizi ya timu hizo imo katika kikosi, na kikosi kinaweza kuhama. Mizizi ya Ihefu ilikuwa katika Ubaruku, na Ubaruku haihami.

Na sisi wa Gitega tusidhani kwamba jambo hili ni la Tanzania peke yake. Tangu mji huu ulipofanywa makao makuu ya siasa ya nchi, umevuta ofisi, nyumba na watu. Nazo timu hufuata mahali palipo na ofisi, nyumba na watu. Mwaka 2025 mikoa 18 ya nchi yetu iliunganishwa ikawa 5, na Muyinga sasa imo ndani ya mkoa wa Buhumuza. Lakini mtu wa Muyinga ukimwuliza kwao ni wapi, hatasita kukujibu. Jina la mkoa limebadilika kwa sheria, na watu wamebaki juu ya ardhi yao. Kwa Ihefu ilikuwa kinyume: watu walibaki juu ya ardhi yao, na kilichokuwa chao kikaondoka.

Yule kuruta wa pili naye, Fountain Gate, hakupata raha mahali alipohamia. Katika mwaka wa 2025 alinusurika kushuka daraja kupitia michezo ya mchujo tu. Timu ile, tangu ilipopanda kutoka DTB mwaka 2022, ilikuwa imekwisha kutumia majina manne na miji minne katika miaka mitatu.

Mzee wetu wa Gishubi, baada ya kuelezwa habari hizi zote, aliuliza swali moja zaidi. Alitaka kujua ikiwa vijana wa Ubaruku wanaweza kuanzisha Ihefu nyingine. Tulimjibu kwamba wanaweza, hakuna anayewakataza. Watajiandikisha katika wilaya ya Mbarali, wacheze ligi ya wilaya, kisha ya mkoa wa Mbeya, kisha ile ya mabingwa wa mikoa, kisha First League, kisha Championship, na baada ya hapo ndipo waifikie Ligi Kuu, ambamo nafasi waliyoipata wenzao mwaka 2022 inatumiwa na Singida.